Nilibania ujuzi ofisini miaka sita, sasa nataka kuufungua na sijui nianzie wapi

Mzee wa Faili

Wakuu salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu salama.

Mimi ni mtu wa hesabu kwenye kampuni ambayo sitaitaja. Kwa miaka sita ripoti ya kufunga mwezi naitoa mimi peke yangu. Sio kwamba wenzangu hawana akili, hapana, ni kwamba lile faili la Excel nililitengeneza mwenyewe, lina shiti 19 ndani, fomula zinaitana kutoka shiti moja kwenda nyingine kama ukoo, na paswedi ninayo mimi. Mtu akija kuniuliza nilikuwa na majibu yangu matatu nazungushia hayo hayo: "hilo ni refu, nitakuelekeza siku nyingine", au "hata mimi silielewi vizuri nililikuta hivyo" (uongo mtupu), au "bosi hataki hizo data zitembee".

Na nisiwafiche, nilikuwa naona raha. Mwezi ukiisha bosi mkubwa anashuka mwenyewe mpaka mezani kwangu, mzee vipi ripoti. Nikishikwa na mafua ofisi nzima inapiga chafya.

Mwaka juzi nikavunjika mguu, nikafanyiwa upasuaji, siku ya pili yake kichwa bado kina usingizi wa dawa, simu inaita. Ni binti mmoja wa kitengo chetu, huyu alikuja kuniomba nimfundishe mara tatu na mara tatu zote nilimzungusha. Kaambiwa afunge mwezi. Basi nikaanza kumuelekeza, fungua shiti ya pili, ananiuliza ya pili kwa kuhesabu au ile iliyoandikwa mbili, namwambia buruta hiyo safu mpaka chini, ananiuliza hiyo ipi, namwambia si hiyo hapo! Kama vile ananiona kidole. Masaa mawili. Nesi kaja mara mbili kuniambia niweke simu chini. Ripoti ilichelewa siku nne na ilitoka na makosa, akagombezwa yeye sio mimi. Hilo mpaka leo linanikaa hapa kooni.

Haikuishia hapo. Nimepona nimerudi, nafasi ya mkuu wa kitengo ikatoka, nikaomba nikijua ni yangu. Nikanyimwa. Nilipouliza sababu nikajibiwa bila kupepesa macho: "sasa wewe tukikutoa hapo, mwezi atafunga nani?" Yaani nilijijengea chumba, nikajifungia ndani na ufunguo nikaumeza.

Sasa maswali yangu. La kwanza, nimfundisheje mtu kitu ambacho hata kukielezea kumenishinda? La pili, kitengo kizima ndio tulivyo, kila mtu ana kafaili kake kakumbatia. Tuliwahi kuletewa semina ya ushirikiano, tukagawiwa fulana zimeandikwa "Sisi ni Timu", Jumatatu yake kila mtu karudi kwenye kafaili kake na fulana kavaa. Tufanyeje?

Kisiki cha Njiani

Naweka kambi hapa.

Pasi Kwapani

Hahaha hiyo fulana tulipewa na sisi. Mimi yangu nafutia meza.

Mtu wa Seva

Mleta mada umenichekesha halafu ukanitisha, maana hayo majibu yako matatu yana watafiti wake. Mwaka 2012 Catherine Connelly wa Canada na wenzake walichapisha utafiti kuhusu watu wanaoficha ujuzi kazini wakiombwa, wakakuta wanaficha kwa njia tatu: kumzungusha mtu kwa ahadi au kumpa nusu, kujifanya hujui, na kutoa sababu kwamba hairuhusiwi. Wewe umepiga zote tatu, hongera. Ila hiyo ya tatu wao wenyewe wanakubali siyo lazima iwe uongo, kuna siri za kazi ambazo kweli hutakiwi kuzitoa. Ujanja uko pale siri ya kweli inapogeuzwa mwavuli wa kila kitu.

Kuhusu ile simu ya hospitali usijilaumu sana, pale hukuwa unabania tena, pale ulikuwa huwezi. Mwaka 1990 kuna mwanafunzi wa Stanford anaitwa Elizabeth Newton alifanya jaribio jepesi tu, mtu mmoja anagonga mdundo wa wimbo maarufu mezani kwa vidole, mwenzake anakisia ni wimbo gani. Wagongaji walipoulizwa kabla walisema wenzao watapatia kama nusu hivi. Nyimbo 120 ziligongwa, zilizopatiwa 3. Tatu! Kwa sababu anayegonga kichwani mwake anausikia wimbo mzima na maneno na ala zote, anayesikiliza anasikia ko ko ko ko tu. Wewe kitandani ulikuwa na shiti zote 19 kichwani unamgongea binti wa watu meza kwenye simu.

Mzee wa Faili

Ko ko ko ko. Aisee ndiyo yenyewe hiyo. Na nikawa nakasirika kwamba hasikii wimbo.

Nyundo Baridi

Ngoja niwe mtu mbaya kwenye huu uzi maana naona mnaelekea kwenye kukumbatiana.

Mimi nilifundisha. Sikubania hata kidogo. Aliletwa kijana nikaambiwa mshike mkono, nikamshika mkono na mguu, nikampa mpaka namba za watu wanaonisaidia mambo yakikwama. Miezi minane baadaye nikaitwa ofisini, kampuni inapunguza watu, nafasi yangu na ya kijana zinaunganishwa, na kijana mshahara wake ni mdogo kuliko wangu. Hesabu mnazijua. Nikasaini nikaondoka na boksi. Kijana mwenyewe alilia, sina kinyongo naye, hakufanya kosa. Lakini tangu siku hiyo kila mtu anayeniambia "toa ujuzi utabarikiwa" namuuliza, na wewe utanilipia kodi ya nyumba?

Mleta mada unasema faili lilikunyima cheo. Sawa. Na lilikupa kazi miaka sita bila kuguswa, hilo mbona hulisemi.

Pasi Kwapani

Nyundo umeongea ukweli mchungu.

Kisiki cha Njiani

Nakazia kwa Nyundo Baridi. Huko kwenye semina haya hawayasemi.

Mama Kitengo

Nyundo Baridi pole sana, na sitakuambia ulikosea kuogopa. Mimi ni msimamizi, nina watu kumi na mmoja chini yangu, na miaka mingi nilikuwa nawaona wabaniaji kama watu wenye roho mbaya mpaka siku moja nikakaa nikasoma fomu yetu ya tathmini ya mwaka kama vile ni mimi najazwa. Maswali yote yanauliza wewe umefanya nini, umemaliza ngapi, umezidi lengo kwa kiasi gani. Hakuna hata mstari mmoja unaouliza umemsaidia nani. Halafu mwisho watu wanapangwa wa kwanza mpaka wa mwisho na bonasi inafuata hiyo foleni. Sasa mimi nikimfundisha jirani yangu akanipita, nimejitoa bonasi kwa mkono wangu mwenyewe. Mtu mwenye akili timamu atabania, na wala hahitaji kuwa na roho mbaya.

Microsoft walikaa na mfumo wa namna hii miaka mingi, meneja analazimika kuwagawa watu wake kwenye mafungu, wachache juu wengi katikati na lazima wapatikane wa chini, hata kama wote wamefanya kazi vizuri. Kilichotokea ni kwamba wale wazuri wakawa wanakwepa kukaa timu moja na wazuri wenzao, maana ukikaa na wakali lazima mmoja wenu aangukie chini. Novemba 2013 wakaufuta.

Na kuna hii ya kuku inanifurahisha. Mtaalamu mmoja wa Chuo Kikuu cha Purdue, William Muir, alikuwa anatafuta namna ya kupata kuku wanaotaga zaidi wakiwa wanakaa pamoja. Kundi moja alichagua kila kizazi yule kuku mmoja mmoja anayetaga kuliko wenzake akazalisha kutoka kwake. Kundi jingine alichagua banda zima linalotaga vizuri kwa ujumla. Mngetegemea lile la mastaa lishinde. Baada ya vizazi kadhaa banda la mastaa walikuwa wamedonoana, wengi wamekufa na waliobaki manyoya hamna. Ikaonekana kuku aliyekuwa anaongoza kwa kutaga alikuwa anaongoza kwa sababu anawadonoa wenzake wasitage. Mimi nikasoma ile nikakumbuka watu wangu wawili, majina siwataji.

Babu Spana

hilo la kuku nimecheka peke yangu mpaka mjukuu kaja kuuliza kuna nini

Mama kitengo sasa ulifanya nini baada ya kujua hayo, maana kujua ni kitu kimoja

Mama Kitengo

Nilikosea kwanza. Niliongeza kwenye fomu swali, "mwaka huu umemfundisha nani, nini?" Nikaona nimemaliza. Mwaka ule watu wakaandikiana, mimi nimemfundisha fulani, fulani kanifundisha mimi, ukiwafuata hakuna aliyefundishwa chochote, ni kulipana tu kama upatu. Nikajifunza kwamba ukarimu ukiuwekea kisanduku cha kujaza unapata visanduku vilivyojaa.

Kilichofanya kazi ni kitu kingine kabisa na wala sikukibuni kwa ajili ya hilo. Kwenye mabenki kuna utaratibu wa zamani, mfanyakazi wa sehemu nyeti anapelekwa likizo wiki mbili mfululizo na haruhusiwi kugusa kazi, mwingine anaikalia meza yake. Nia yao ni wizi ujulikane, maana mwenye kuficha mchezo lazima awepo kila siku kuuficha. Mimi sina wasiwasi wa wizi lakini nikaona mbona hii inapima na jambo langu? Nikatangaza, kila mtu atachukua wiki mbili mfululizo, akiwa likizo hapigiwi simu, na tarehe unapangiwa miezi mitatu kabla. Kazi yako isiposimama ukiwa haupo hiyo ndiyo sifa, inaandikwa kwenye tathmini. Kazi ikikwama, tunakaa tunaangalia kilikwama nini, na hapo hapo inafahamika nani alifundisha na nani alisema amefundisha.

Muujiza siyo, wawili waligoma kwenda likizo kabisa, wewe mtu anagoma likizo! Hao ndio niliowajua wana mafaili kama ya mleta mada. Wengine lakini walianza wenyewe kutafuta wa kumuachia meza. Nilikuwa napita nakuta mtu kavuta kiti pembeni ya mwenzake, kitu ambacho semina haikuwahi kuniletea.

Nyundo Baridi

Mama Kitengo nakubali hilo la likizo ni zuri, lakini bado hujanijibu. Siku kampuni yako ikisema punguza watu watatu, wale waliofundisha utawalinda kwa kitu gani?

Mama Kitengo

Sitakudanganya, uamuzi huo hautakuwa wangu peke yangu. Ninachoweza ni kwamba mtu akijulikana anafundisha, namsogeza kabla hajaombwa asogee, namtoa kwenye ile kazi aliyoifundisha nampa nyingine kubwa zaidi, asibaki amekaa kiti kimoja na mwanafunzi wake wanaangaliana. Wewe walikosea kukuacha pale pale miezi minane na mtu anayefanya kazi ile ile kwa bei rahisi. Hapo hata malaika angeondolewa.

Nyundo Baridi

Hilo nalikubali. Kwa mara ya kwanza mtu kaniambia kitu tofauti na baraka.

Dada Ndiyo Ndiyo

Jamani naomba na sisi wa upande mwingine tusikike, maana mnaongea kama tatizo ni kubania tu. Mimi sijui kusema hapana. Mgeni akiingia anapelekwa kwangu, printa ikikwama naitwa mimi, mtu akitaka barua isomwe kabla haijaenda naletewa, sherehe ya kuaga mtu nachangisha mimi. Jioni saa kumi na moja wenzangu wanabeba mabegi mimi ndio nafungua kazi yangu. Tathmini ikija naambiwa nimechelewesha malengo. Na walionichelewesha ndio wanapewa makofi.

Nilikuja kusoma mambo ya Adam Grant, profesa wa Wharton, chuo cha biashara kule Marekani, anaeleza utafiti wa mainjinia ambao walipimwa nani anatoa msaada kuliko anavyopokea. Chini kabisa kwenye utendaji, watoaji. Nikasema ndio mimi huyo. Lakini juu kabisa pia, watoaji! Wale wanaopokea tu na wale wa nipe nikupe wakawa katikati. Tofauti ya watoaji wa juu na wa chini siyo kiasi cha roho nzuri, ni namna wanavyotoa. Wa juu wana mipaka, wana muda wao wa kazi haugusiki, na wanachagua msaada ambao unamuinua mtu badala ya ule wa kumbebea mzigo kila siku.

Sasa hivi kabla ya saa sita mchana simsaidii mtu labda jengo liwe linaungua. Mchana niko wazi. Na mtu akija mara ya pili na swali lile lile namwambia kaa wewe kwenye kiti, mimi nasimama. Hawaji mara ya tatu, ama wamejua ama wamechoka.

Na wakaka wa humu mniruhusu hili. Mwaka 2017 Linda Babcock, Lise Vesterlund na wenzao walionyesha kwamba zile kazi ndogo ndogo za ofisi ambazo hazimpandishi mtu cheo, wanawake wanaombwa zaidi na wanakubali zaidi. Kwa hiyo mkihimiza ukarimu ofisini angalieni kwanza nani tayari anautoa na hahesabiwi. Msije mkaniongezea mimi mzigo mkaita utamaduni mpya.

Pasi Kwapani

Dada umenigusa. Mimi ndio yule wa printa, samahani.

Zamu ya Usiku

Mimi ni nesi na nimewasoma wote. Kuna upande haujaguswa, upande wa yule anayetakiwa kuuliza. Ukarimu wa kufundisha hauna maana kama mgeni anaogopa kufungua mdomo. Mimi nilipoanza kazi nilipangiwa chini ya mtu anayejua kazi kweli kweli, na alikuwa hanibanii, ila ukiuliza anakutazama kwanza. Ule mtazamo tu. Basi nikawa nauliza wasaidizi, nauliza mtu yeyote ila sio yeye. Siku moja nikakosea kipimo cha dawa, nikagundua mwenyewe kabla haijamfikia mgonjwa, na sikumwambia mtu. Sikumwambia mtu! Hiyo ndiyo hatari, maana kesho yake mwingine angeweza kukosea pale pale, lebo zilikuwa zinafanana.

Amy Edmondson wa Harvard miaka ya tisini alikwenda mahospitali akitegemea timu nzuri zitakuwa na makosa machache ya dawa. Takwimu zikamjia kichwa chini, timu zinazofanya kazi vizuri pamoja zilikuwa na makosa mengi zaidi kwenye kumbukumbu. Ilibidi akae atafakari, kumbe hawakukosea zaidi, walikuwa wanasema zaidi. Kwingine yalikuwa yanafichwa kama nilivyoficha mimi.

Mimi leo nikipokea mgeni siku ya kwanza namuambia kosa langu hilo la lebo, namuonyesha na kabati lenyewe. Halafu nanyamaza. Kabla wiki haijaisha ananiletea la kwake. Na simkosoi mbele ya mgonjwa hata siku moja, tunatoka nje kwenye korido.

Kisiki cha Njiani

Dah. "Ule mtazamo tu." Kila mtu anaujua.

Babu Spana

sasa mimi nije kwenye swali la kwanza la mleta mada maana mmeliruka, namna ya kumfundisha

mimi ni fundi wa mashine mstaafu nimefundisha vijana wengi sikumbuki idadi, siri yangu ni moja, mikono mfukoni. kijana ndiye anashika spana wewe mikono iwe mfukoni na kweli iwe mfukoni sio kwa mfano, kwa sababu mkono wa fundi hauna adabu ukiona kazi inakwenda taratibu unaruka wenyewe unanyakua spana, leta hapa wewe, na ukishanyakua somo limeisha, kijana ameona mgongo wako tu

mwache akosee lile kosa dogo ambalo halivunji kitu. lile la kuvunja mtu au mashine mkamate. na muulize yeye kwa nini umefanya hivi kabla hujamwambia kwa nini sio hivyo, mara nyingine utakuta ana sababu nzuri kuliko yako, mimi imenikuta

kitu kingine usimuandikie wewe maelezo. mwache aandike yeye anavyofanya halafu wewe usome. wewe ukiandika utaruka hatua unazoziona za kijinga, na ndizo hizo zinazomkwamisha

Mtu wa Seva

Babu Spana nakazia hapo kwenye kuandika, kuna kisa cha kweli cha Wamarekani kinachonifanya nisilale. Walikuwa na kitu kimoja cha siri kwenye silaha zao za nyuklia, jina lake la kificho Fogbank, mara ya mwisho kilitengenezwa miaka ya themanini. Miaka ya 2000 wakataka kukitengeneza tena ili kukarabati zile silaha wakakuta kiwanda kimebomolewa, kumbukumbu zilizoandikwa ni chache na wenye ujuzi karibu wote wameshaondoka. Wakaguzi wao wa serikali waliliweka wazi 2009. Serikali ile yenye hela zote zile ikaanza upya kama mwanafunzi.

Na utamu wenyewe ni huu. Walipofanikiwa kukitengeneza upya kikawa hakifanyi kazi vizuri. Wakachimba wakakuta zamani malighafi ilikuwa na uchafu fulani ndani yake ambao ndio uliokuwa unasaidia, na mitambo mipya ilikuwa inausafisha. Wale wa zamani wenyewe hawakujua kwamba ule uchafu ndio siri! Kwa hiyo hata wangeandika kila walichojua, lile wasingeliandika. Mzee wa Faili, kwenye shiti zako 19 kuna uchafu wa namna hiyo nakuhakikishia, na utauona siku mtu mwingine akikaa kwenye kiti.

Mgeni Kazini

Nina miezi mitano tu kazini naogopa hata kuandika humu. Niseme moja tu, sisi wageni tukija na swali huwa tumeshalibeba siku mbili tunajiuliza kama ni la kijinga. Ukisema "nitakuelekeza siku nyingine" sisi tunasikia "usirudi". Huyo binti alirudi mara tatu, mimi nisingerudi mara ya pili.

Mzee wa Faili

Mgeni Kazini umenimaliza kabisa.

Pasi Kwapani

Na nyie wageni mna mambo yenu mnayoyajua na mnatuangalia tu tukihangaika. Juzi mtoto wa mafunzo ya vitendo kanionyesha kitu cha dakika moja ambacho nakifanya kwa mkono tangu nianze kazi. Nikamuuliza mbona hukusema mapema, kasema niliogopa utajisikia vibaya.

Mtu wa Seva

Ndio maana Jack Welch mwaka 1999 akiwa mkuu wa General Electric, kampuni kubwa ya Marekani, aliwalazimisha vigogo wake kama 500 watafute vijana wa kuwafundisha intaneti, na yeye mwenyewe akatafutiwa wake. Ilibidi iwe amri, kigogo kwa hiari yake asingeomba.

Babu Spana

kuomba kufundishwa na mtoto ni kazi kuliko kufundisha, niulizeni mimi na hii simu

Mzee wa Faili

Wakuu nimerudi baada ya wiki tano, najua wengine mlidhani nimeingia mitini.

Nilianza kwa kumuomba msamaha yule binti. Niliandaa hotuba, nikafika mezani kwake hotuba ikapotea, nikamwambia tu "ile ripoti ya mwaka juzi ulisemwa kwa kosa langu". Akaniangalia muda mrefu. Akasema "najua". Akaendelea na kazi yake. Nikadhani imeishia hapo, jioni akaja na daftari akauliza tunaanza lini.

Nikafanya ya Babu Spana. Yeye kwenye kiti changu, mimi pembeni mikono mfukoni, na babu ulisema kweli, mara ya kwanza mkono ulitoka mara nne nikaurudisha, siku ya tatu akaniambia "mzee mfukoni" kabla sijajua kama umetoka. Maelezo kayaandika yeye, kurasa 14. Nilipoyasoma nikakuta hatua sita ambazo mimi ningeapa hazipo.

Mtu wa Seva uchafu wako tumeupata. Shiti ya 11. Aliniuliza hii inafanya nini nikamwambia usiiguse hiyo ndiyo moyo wa faili. Akauliza tena inafanya nini. Tukafuatilia fomula moja moja mpaka saa mbili usiku, wakuu, shiti ya 11 haifanyi chochote. Hakuna inayoisoma. Nilibadilisha kitu miaka kadhaa nyuma nikasahau, nikaendelea kuilinda. Ila kuna safu kwenye shiti ya 4 ambayo kila mwezi naizungushia tarakimu (namba zenye mkia mrefu nazifupisha) kwa mkono bila kufikiri, hiyo sikuwahi kumwambia mtu kwa sababu hata sikujua naifanya, na ndiyo iliyoharibu ripoti ile aliyogombezwa.

Na kuhusu kitengo, bosi nilimpelekea wazo la Mama Kitengo la wiki mbili, akasema atalifikiria, maana yake mnaijua. Nikaamua nianze na mimi. Nimeomba likizo kuanzia tarehe 25, nikavuka mwisho wa mwezi nikiwa nyumbani. Tarehe 30 simu nimeiweka mezani naiangalia. Haikuita. Tarehe 1 haikuita. Tarehe 2 nikampigia binti mimi mwenyewe nikijifanya nauliza kuhusu fomu ya likizo, akasema ripoti imetoka jana mchana, mzee pumzika.

Nitakuwa mkweli, niliumia kidogo. Mke wangu alinikuta nimekaa kimya akadhani kuna msiba.

Zamu ya Usiku

Hahaha jamani pole. Na hongera.

Mama Kitengo

Hiyo kurasa 14 mpe bosi wako mkononi, usimtumie kwa meseji. Mwambie imeandikwa na nani.

Dada Ndiyo Ndiyo

Na huyo binti asije akawa ndio mwalimu wa kila mtu sasa, angalieni. Saa sita mchana!

Nyundo Baridi

Mzee nimesoma yote na moyo umelainika robo. Swali moja tu. Paswedi umempa?

Mzee wa Faili

Nimempa. Ameshaibadilisha.